Bernado na Diski Iliyotoka Bunda

Ukitaka kumjua Bernado Magesa wa Mwisenge, Musoma, mpelekee diski. Hatakuuliza ina nini. Hata salamu yako ataijibu nusu. Ataishika kwa ncha za vidole, ataigeuza upande wa chini, ataielekeza mlangoni kwenye mwanga, kisha atakutazama wewe usoni kwa muda ule ule alioitazama diski. Hapo utajiona mwizi hata kama umetoka kuungama asubuhi hiyo hiyo.

Ana miaka hamsini na mitatu, mwembamba, na miwani yake imefungwa uzi upande wa sikio la kushoto. Kibanda chake kimebanana na cha Matrida, fundi cherehani. Kati yao kuna ukuta mmoja wa mbao wenye matundu, kwa hiyo Matrida anazijua habari za Bernado kuliko Bernado mwenyewe. Siku hizi kinachomlisha Bernado ni kuingiza nyimbo na filamu kwenye flash na simu za watu. Lakini kilichompa jina ni diski. Watu hutoka Butiama, Bunda, mpaka Bugwema, wamekuta rundo la diski kwenye kabati la marehemu na hawajui ni nini. Bernado anazipanga mezani moja moja. Hii VCD. Hii DVD. Hii ya nyimbo tupu. Hii ya kompyuta, haina picha hata moja. Na hii, ndugu yangu, wala si diski, ni ile plastiki ya kufunikia rundo la diski kwenye boksi, umeitunza miaka kumi bure.

Pengine alizaliwa hivyo hivyo na dunia ikamthibitishia. Mwaka 1995 alikuwa mtunza bustani kwa mzungu mmoja wa mradi wa maji, kwenye nyumba iliyotazamana na ziwa. Mzungu huyo alikuwa na sinema zake kwenye diski kubwa, pana kama sinia, zinazong'aa pande zote mbili. Kila jioni aliingiza moja kwenye deki. Sinema ikifika katikati aliinuka, akaigeuza upande wa pili, nayo ikaendelea. Bernado aliyaona yote hayo kupitia dirishani akiwa ameshika mpira wa maji. Mradi ulipokwisha mzungu akamwita, akamshukuru sana, akampa diski kumi na mbili. Bernado akazibeba kichwani mpaka kijijini kwao akijua amepewa sinema. Ilimchukua wiki nzima kuelewa kwamba deki imepanda ndege na mwenyewe, na kwamba si Musoma si Mwanza hakuna mashine nyingine inayokula diski za ukubwa ule. Mama yake alizitazama, akasema ni nzuri, akaanikia dagaa juu yake.

Mpaka leo Bernado anaamini mzungu alijua. Yaelekea mzungu alisahau tu, maana watu husahau, lakini kamwambie wewe.

Alipofungua maktaba ya video mwaka 2000 alikuwa amekwisha kuapa kwamba hakuna mtu atakayempa tena kitu asichokijua. Na miaka ile ilikuwa miaka ya kujua. Kanda zilikuwa zinaondoka, VCD zinaingia, filamu moja ikagawanywa kwenye diski mbili kwa sababu VCD moja haibebi zaidi ya saa moja na robo hivi. DVD zikafuata nyuma yake, zinafanana nazo kwa kila kitu kwa macho ya mtu wa kawaida, lakini ukiingiza DVD kwenye deki ya VCD inazunguka tu, basi. Wateja wakapata ujanja upesi. Mtu anaazima DVD mpya, anarudisha VCD iliyochakaa ndani ya jalada lile lile, kisha anaapa kwa jina la mama yake. Bernado akajifunza upesi kuliko wao. VCD, alikuwa akisema, ni sahani moja ya plastiki, na ile rangi ya fedha imepakwa juu kabisa, chini ya maandishi. DVD ni sahani mbili nyembamba zilizogandishwa, na fedha imelala katikati. Pitisha ukucha ukingoni. Ukiteleza, hiyo ni VCD. Ukinasa kwenye mfereji mdogo, hiyo ni DVD. Akafuga ukucha wa kidole gumba kwa ajili ya kazi hiyo, na wake wa watu walimsema sana kwa ukucha ule.

Mwaka 2003 akamwoa Recho, binti kutoka kijiji cha Buswahili, mwanakwaya, mcheshi, mtu wa kucheka na kila anayepita. Watu walishangaa ameona nini kwa Bernado. Harusi ilipigwa picha na Nicolaus, ambaye peke yake mtaani alikuwa na ile kamera ya kubeba begani. Sherehe ilikwenda saa nne na zaidi, lakini Nicolaus alimletea Bernado VCD mbili, mwisho. Ili ienee, alikata hotuba zote, akabakiza kanisa, chakula, keki na kucheza. Halafu, kama ilivyokuwa mtindo wa wakati ule, akamwaga muziki juu ya kila kitu. Harusi nzima haina sauti ya binadamu hata mmoja aliyekuwepo pale. Padre anafungua mdomo, unasikia gitaa. Bernado, ambaye alijua kuliko mtu yeyote Mwisenge kwamba VCD hujaa, alimtuhumu Nicolaus kuwa ameficha hotuba makusudi. Nicolaus akamwambia, "Bena, diski zimejaa." Wakanuniana miaka sita kwa hilo.

Recho aliugua siku nne mwaka 2005, akafariki. Dorah, mtoto wao pekee, alikuwa na mwaka mmoja na miezi.

Na hapa lazima Bernado apewe haki yake: alimlea yule mtoto peke yake na akamlea vizuri. Alimsuka nywele, alimfulia sare, alimpeleka shule na kumfuata, na akachunguza kila mwalimu. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakuweza kumpa. Dorah alikua akimwangalia mama yake kwenye zile VCD mbili, mama mwenye gauni jeupe na pengo dogo kwenye meno ya mbele, anafungua mdomo kusema na watu, na wimbo wa watu wengine unatoka. Hajawahi kuisikia sauti ya mama yake. Akiwa na miaka tisa alimwuliza baba yake ilikuwaje. Bernado akasema, "Nzuri." Akatafuta neno jingine, hakulipata, akaenda kufunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa.

Sasa Dorah ana miaka ishirini na moja na anaolewa Bunda na fundi umeme mmoja, ambaye Bernado amemchunguza mpaka kadi yake ya chanjo. Send-off ni Jumamosi. Dorah hakuomba makubwa. Aliandika kwenye kundi la ukoo la simu kwamba anataka kitu kimoja tu: kama yupo mtu mwenye sauti ya mama yake, hata kidogo, hata akiwa anaita kuku, aje nayo isikike ukumbini. Siku mbili zikapita kimya. Siku ya tatu akajibu mjomba wake, Gasper, kaka yake Recho, muuza vipuri vya baiskeli huko Bunda. "Mama yako anaongea kwenye diski niliyonayo. Nakuja Jumatano."

Dorah alipiga kelele za furaha zilizosikika mpaka kwa Matrida. Bernado aliisoma ile meseji mara nne.

Yeye na Gasper walikuwa hawajazungumza kitu cha maana tangu msiba. Gasper ndiye aliyeondoka na sanduku la nguo za Recho kulipeleka kwao, kama desturi inavyotaka, na Bernado alitaka lifunguliwe barazani kwanza aone kilichomo. Lilifunguliwa mbele ya waombolezaji. Hamkuwa na kitu ila nguo. Tangu siku hiyo Gasper humwita shemeji kwa ulimi tu. Na mtu huyo huyo, miaka ishirini hajataja diski, leo anaitaja wiki ya send-off? Wiki ambayo mjomba anakalishwa meza ya mbele na kutajwa jina, na habari ya ng'ombe wa mjomba kwenye mahari bado haijakaliwa kikao? Bernado alijumlisha moja na moja, akapata anachokitaka.

"Anakuja kununua mtoto," alimwambia Matrida kupitia matundu ya ukuta. "Kwa diski ya kuokota."

"Baba Dorah, si usubiri uione kwanza?"

"Nitaiona. Tena nitaiona vizuri."

Gasper alifika Jumatano saa nne asubuhi, amevaa shati la kanisani, na diski ameifunga kwenye kitambaa safi kama linavyofungwa yai la kupelekwa mbali. Dorah alimwamkia, akamkumbatia, akamletea kiti. Matrida akaingia na gauni la Dorah mkononi, pini mdomoni, akijifanya amekuja kupima kiuno, na hakuna aliyemwuliza kwa nini hapimi.

"Shemeji, habari za siku nyingi," alisema Gasper.

"Nzuri. Lete."

Gasper akafungua kitambaa. Juu ya diski pameandikwa kwa kalamu nyeusi: Harusi ya Recho. Bernado akalowesha kidole kwa mate, akapitisha juu ya herufi. Wino ukafuata kidole.

"Hii imeandikwa lini?"

"Jana jioni. Maandishi ya kwanza yalikuwaga yamefutika, nikaandika upya."

"Yalikuwaga," alirudia Bernado, akamtazama Matrida kana kwamba ndiye karani wa baraza. Akaigeuza diski. Chini ilikuwa na rangi ya zambarau. Akapitisha ukucha ukingoni polepole, akazunguka nao, na wote waliokuwa mle ndani waliona uso wake ukibadilika, maana ukucha ulinasa. Nakwambia alifurahi. Inatia aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa: mtu analetewa sauti ya mke wake aliyekufa, naye anafurahi kukuta mfereji.

"DVD," akasema.

"Ndiyo, ni DVD," alisema Gasper.

"Tena ya kuchoma. Harusi yangu ilikuwa mwaka 2003, Gasper. Nitajie mtu mmoja, mmoja tu, aliyekuwaga na mashine ya kuchoma DVD Musoma hii mwaka ule. Mimi ndiye nilikuwa nazijua mashine zote. Nicolaus mwenyewe alinipa VCD."

"Mimi sikusema ilichomwa mwaka ule, shemeji. Ilitolewa kwenye..."

"Subiri kwanza. Nitakupa nafasi."

Akaiweka kwenye deki yake, ile ya zamani anayoisifia kuwa haijawahi kufunguliwa na fundi. Dorah akasogea mpaka mbele ya runinga, mikono kifuani. Deki ikazunguka, ikakohoa, ikazunguka tena. Ikaandika kwenye kioo maneno yake ya siku zote, kwamba haikuona diski. Bernado akaitoa, akaifuta kwa shati, akairudisha. Haikuona diski.

"Tupu," akasema Bernado.

"Haiwezi kuwa tupu," alisema Gasper. Sauti yake ilikuwa imepanda sasa. "Jumapili nimeiangalia kwangu na mke wangu. Tumelia wote wawili. Recho yupo pale, anaongea, nimemwona kwa macho yangu haya!"

"Kwako."

"Ndiyo, kwangu! Sasa ningeiangalia wapi?"

"Baba," alisema Dorah, "tujaribu kwenye deki nyingine. Hapo kwa jirani wanayo. Au kompyuta ya parokia. Tuende tu, baba, ni dakika mbili."

Hapo palikuwa na mlango, na mlango ulikuwa wazi. Angepita. Dakika mbili tu. Lakini Bernado alikuwa amekwisha kupanga ushahidi wake: wino wa jana, DVD mahali pa VCD, na deki imekataa. Kila kitu kilisimama mahali pake. Alimwona mtoto wake anatapeliwa mchana kweupe, anafanywa alivyofanywa yeye, anapewa kitu kinachong'aa ambacho ndani hakina kitu, kisha Jumamosi mbele ya wakwe anasimama ukumbini kusubiri sauti isiyokuja. Aliogopa. Hasira yake yote ilikuwa woga, lakini aliivaa kama hasira, na wengine wangeijuaje?

"Mwanangu," akasema, "diski tupu ni tupu kila mahali. Huyu anataka twende tukahangaike kwa watu, deki zikatae moja moja, mpaka Jumamosi ipite naye yuko meza ya mbele. Akishakaa, nani atamwinua? Mimi nitakuonyesha sasa hivi. VCD ya harusi yangu, hata ukiipiga na nyundo, ni sahani moja. Haibanduki. Angalia hii."

Akavuta droo, akatoa wembe.

"Shemeji, usifanye hivyo," alisema Gasper, akasimama.

"Baba!"

Wembe uliingia kwenye mfereji kwa urahisi, pale karibu na tundu la katikati. Bernado alikuwa amezifanya kazi hizo mara nyingi kwa diski mbovu, kuwaonyesha wateja wabishi. Akaupinda mara moja. Ikalia kraa. Zile sahani mbili zikaachana, nyembamba, moja ikabaki kiganjani mwake ikiwa nyeupe kama kioo cha dirisha, nyingine ikawa imebeba ngozi ya fedha na zambarau iliyochanika vipande vipande, na vipande vingine vikadondoka juu ya gauni la Dorah mikononi mwa Matrida.

"Umeona?" alisema Bernado. "Mbili. Umeona, Gasper?"

"Nimeona," alisema Gasper.

Alikaa. Hakuonekana mtu aliyekamatwa, na hilo lilimkera Bernado kidogo. Alionekana mtu aliyechoka.

"Sasa naweza kuongea?" akauliza. Akaendelea bila kusubiri ruhusa, anamwambia Dorah, si baba yake. "Mwaka 2008 Nicolaus alikuwa anafunga studio yake. Akaniita. Akaniambia, kanda ya harusi ya dada yako Recho iko hapa, ile yenyewe ya kwenye kamera, haijakatwa, haijawekwa muziki. Akasema, Bena haongei na mimi, na wewe ni kaka, uichukue. Tukaenda nayo wote wawili Bunda, kulikuwa na kijana pale anatoa kanda anaweka DVD. Ndiyo hii. Nilijua baba yako anayo kwake, mtu mwenye maktaba nzima ya video! Sikujua hana. Mpaka nilipoona meseji yako."

"Uongo," alisema Bernado, lakini alilisema bila nguvu, kama mtu anayejibu kwa mazoea.

Dorah alikuwa amekwisha kutoa simu. Nicolaus anaishi Bugwema siku hizi, analima. Simu iliita mara moja tu, akapokea, na Dorah akaweka sauti ya nje.

"Baba mdogo, shikamoo. Ni Dorah wa Bernado. Nauliza ile kanda ya harusi ya mama."

"Marahaba, bibi harusi! Gasper amefika? Alinipigia jana, amefurahi kama mtoto." Nyuma yake mbuzi walikuwa wanalia. "Ni ile ya DVD. Sasa sikia, mwambie baba yako kitu kimoja. Ile diski ni ya plasi. Kuna DVD za plasi na za mainasi, yeye anajua, imeandikwa kwa herufi ndogo pale kwenye tundu. Ile deki yake ya zamani inasomaga mainasi peke yake. Itakataa. Asije akadhani ni tupu. Atafute deki nyingine au kompyuta."

Dorah aliangalia vile vipande kwenye gauni lake.

"Na kanda yenyewe, baba mdogo? Kanda unayo?"

"Kanda nilirudi nayo kwangu, kule ziwani. Mwaka ule ziwa lilipopanda maji yaliingia mpaka kwenye dari, mwanangu. Kila kitu kilioza. Ndiyo maana nikahamia huku. Imebaki hiyo diski tu, muitunze. Msiikwaruze, eh?"

"Asante, baba mdogo," alisema Dorah, akakata simu.

Bernado alikuwa ameshaokota kile kipande chenye tundu. Akakisogeza karibu na miwani. Zile herufi ndogo zilikuwepo, na alama ya kujumlisha ilikuwepo, wazi kabisa, haikujificha popote. Kwa mteja yeyote wa Bugwema angeitazama kwanza kabla ya kitu kingine. Kwa mama yeyote wa Butiama angeitazama. Leo aliishia kwenye ukucha kwa sababu ukucha ulikuwa umempa alichokuwa anakitafuta.

Akaanza kuokota vipande kwenye gauni. Alivipanga mezani, akajaribu kuvirudisha juu ya ile sahani kwa ncha ya wembe, kimoja kando ya kingine. Matrida alimtazama akajua anafahamu haifai, na akamwacha.

Dorah hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alivuta kigoda akakaa mbele ya baba yake, magoti yao yanakaribia kugusana.

"Baba. Alisema nini?"

"Nani?"

"Mama. Kwenye ile diski anaongea. Alisema nini? Wewe si ulikuwepo? Basi niambie wewe. Sauti siwezi kuipata tena, niambie maneno."

Ukweli ni kwamba Recho alipopewa kipaza sauti siku ile, bwana harusi hakuwa ukumbini. Alikuwa nyuma, kwenye mlango wa jikoni, na suti yake, na ua lake kifuani, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba wapishi wanatoa nyama kupitia dirisha. Akiwa kule alisikia ukumbi mzima unalipuka kwa kicheko. Alirudi mbio, akakuta watu mia mbili wamegeuka wanamwangalia yeye, na Recho amesimama na kipaza sauti anacheka mpaka anafuta machozi. Bwana harusi akageuka palepale, akarudi kwenye nyama.

"Sikusikia," akasema. "Nilikuwa jikoni. Nilikuwa nalinda nyama."

Bernado akavua miwani. Miaka yote hiyo alikuwa hajamwomba Gasper hata maji ya kunywa.

"Shemeji," akasema, "mwambie wewe. Tafadhali."

Gasper alikuwa na kila sababu ya kuinuka na kupanda gari la Bunda. Alivuta pumzi, akamgeukia mpwa wake, akasema polepole, akiyafuata maneno kama alivyoyaona Jumapili.

"Alisema hivi. 'Baba zangu, mama zangu, asanteni. Mmenionya kwamba huyu mwanaume hamwamini mtu. Ni kweli. Juzi nimempikia ugali, ameniambia nionje mimi kwanza.' Watu wakacheka sana. 'Hata sasa hivi hayupo kitini. Msimtafute, yuko jikoni anahesabu minofu.' Hapo ndiyo wakageuka wote, naye anaingia mlangoni, anageuka, anarudi zake jikoni. Mama yako akasubiri wanyamaze. Akasema, 'Lakini mimi nampenda, na nitamsubiri. Siku akiniamini, hata kwa kitu kidogo, nitawaita wote hapa, tutakula tena.'"

Dorah alicheka huku machozi yanamtoka, na Matrida naye, pini zikamdondoka. Bernado hakucheka. Jioni ile ya harusi alikuwa amemwuliza Recho watu walicheka nini, na Recho alimwambia, maneno hayo hayo, hakupunguza hata moja. Naye akamjibu, "Unanificha." Alikuja kumwuliza tena, zaidi ya mara moja, na kila mara Recho alimwambia yale yale, na kila mara alikataa. Mara ya mwisho alimwuliza Recho akiwa kitandani hospitali. Alikuwa ameyasikia maneno haya yote kabla, kutoka kwa Recho mwenyewe.

"Halafu?" alisema Dorah, akifuta mashavu kwa kiganja. "Aliwaita, mjomba?"

Gasper aliangalia chini. Hakutaka kulisema.

"Hapana, mwanangu," alisema Bernado. "Hakuwaita."